Mpungate wa Uzi

Sitaki kuficha aibu yangu. Mwaka uliopita mwalimu mwenzetu wa kazi za mikono alikwenda likizo ya uzazi, na mkuu wa shule akanipa mimi saa yake ya Ijumaa. Katika seminari ndogo nilifundishwa Kilatini, kinanda na kulima bustani, kufuma hakukuwamo. Nami nikadhani ya kuwa ni jambo dogo.

Katika daftari la mwenzangu kazi iliandikwa wazi: kila mtoto afume, kwa sindano ya kulabu, mpungate mdogo wa kupamba meza, pamoja na chungu chake. Mpungate ni mgeni kwetu. Karibu jamaa yake yote asili yake ni Amerika. Ule mti wenye mikono kama kinara cha mishumaa tunaouona hapa Aru ni mtupa, wala si ndugu yake ingawa wamefanana. Mtupa ukikatwa hutoa utomvu mweupe unaounguza macho, na watoto wachungao mbuzi wanalijua hilo kuliko mimi.

Mwenzangu alichagua vema. Kitambaa cha kiti kikienda upande, kila mgeni hukiona. Lakini mpungate ukipinda, nani atasema haukuota hivyo?

Uzi tuliupata kwa kufumua sweta kuukuu za mitumba kutoka soko la Ariwara. Sindano zilichongwa kwa mwanzi mkavu. Wavulana walinung'unika ya kuwa hiyo ni kazi ya wanawake, nikawaeleza habari za Ireland: jinsi viazi vilivyooza kuanzia mwaka 1845, watu wakafa kwa njaa, na masista wakawafundisha wasichana kufuma lesi kwa sindano kama hizi, ili wauze na kulisha nyumba zao. Wakanyamaza. Nilijiona mwalimu hodari sana.

Mwili wa mmea haukunishinda. Unafuma utepe mpana, ukienda na kurudi. Kila fundo lina nyuzi mbili juu yake; ukiingiza sindano chini ya uzi wa nyuma peke yake, inatokea mistari iliyoinuka kama mbavu za mpungate. Kisha unashona ncha mbili zikutane, unakaza juu, unajaza vipande vya vitenge vilivyotupwa na mafundi cherehani, unakaza na chini.

Chungu ndicho kilichoniumbua. Huanzia katikati, kwa pete ya mafundo sita, nacho hufumwa kwa kuzunguka. Mara ya kwanza kitako changu kilijikunja kama kofia. Mara ya pili kikafanya mawimbi kama jani la kabichi. Nikafumua, nikaanza tena, darasa zima likinitazama.

Mle darasani mlikuwa na binti mmoja aliyetoka kijijini, amekwisha rudia mwaka. Muhula uliotangulia nilimsimamisha mbele ya wenzake aseme jedwali la sita. Nilimuuliza kwa Kifaransa, kama tulivyozoea. Alitazama chini, hakujibu hata neno. Katika ripoti yake niliandika kwa mkono wangu: hesabu hawezi, bidii hana.

Siku ile ya chungu alikuja taratibu, akapiga goti kidogo kama desturi, akasema, «Mwalimu, unapoteza fundo la kwanza.» Akachomoa uzi mwekundu katika kikapu chake, akautia penye mwanzo wa mzunguko. «Ukifika hapa, umemaliza mmoja. Kila mzunguko unaongeza sita, si zaidi.» Akaanza kuhesabu kwa Kiswahili, kidole kikipita juu ya mafundo: sita, kumi na mbili, kumi na nane, ishirini na nne. Hakusita. Alipofika arobaini na nane nilimwambia inatosha, maana chungu changu hakikuhitaji ukubwa huo, nami sikuweza kumtazama usoni.

«Nani alikufundisha?»

«Bibi yangu, Mwalimu. Ndiye anayeuza vitambaa, na mimi ninamhesabia.»

Jumatatu yake nilikwenda kwa mkuu wa shule kuomba ripoti nisahihishe. Akaniambia ya kuwa ilikwisha kupelekwa nyumbani. Basi nikapanda baiskeli nikaenda mwenyewe. Bibi alinikaribisha kiti kilichofunikwa kitambaa cheupe, kazi ya sindano, wala sikuona kosa hata moja. Nikakata maneno yale kwa wino, nikaandika mengine, nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kwa upole kwa nini sikumwuliza mtoto kwa lugha anayohesabia sokoni.

Mpungate wangu uko mezani karibu na sanduku la chaki. Umeinamia dirishani. Niliusahau kuutia kokoto chini, nao huanguka kila mlango ukifungwa kwa nguvu. Yule binti huuinua bila kuambiwa.