Kanda ya Mwaka

Kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, vijana wa Marafa waliokuwa wakifanya kazi Malindi na Mombasa walirudi nyumbani, na pamoja na mchele, sukari na leso za mama zao walileta kanda. Hapo ubishi ukaanza: kanda gani ndiyo ya mwaka? Hakukuwa na zawadi wala mtu wa kuandika matokeo. Lakini siku zile zote, jua likishatua, baraza ya duka moja pale sokoni ilijaa wanaume wakibishana hadi taa ya chemni ikaishiwa mafuta, na asubuhi waliokwenda kwenye mashamba ya mananasi waliendeleza pale walipoachia usiku.

Mimi nilikuwa msichana wa kutumwa dukani. Nikitumwa mafuta ya taa nilikawia, nikajibanza kando ya magunia ya mahindi, nikasikiliza. Mama alijua sababu na hakunigombeza, kwa kuwa nikirudi swali lake la kwanza lilikuwa kama kaka yangu ameshinda.

Kulikuwa na sheria, na zilifuatwa. Kanda ilisikilizwa yote, upande A na upande B. Aliyesikia wimbo mmoja tu redioni, kwenye vipindi vya salamu vya Sauti ya Kenya, hakuwa na kauli. Aliyetaka wimbo urudiwe alichangia betri. Redio ya mwenye duka ilikula betri kubwa kubwa, na zilipochoka kanda ilianza kujivuta, sauti ya mwimbaji ikawa nzito hata ukashuku kama ni yuleyule. Kesho yake betri zilianikwa juani juu ya bati, na jioni zikatoa nguvu kidogo ya kumalizia upande wa pili. Utepe ukinasa ndani ya redio, mwenye duka aliuchomoa kwa ncha za vidole, akatia kalamu ya Bic kwenye kitundu cha kanda na kuuzungusha polepole huku baraza nzima imekaa kimya. Mkunjo mmoja tu ulitosha kuharibu gitaa la wimbo mzima, na kanda ile pengine ilikuwa ya pekee kutoka Marafa mpaka Gongoni.

Mwaka ninaoukumbuka kuliko yote ni 1985. Kaka alikuwa mpishi msaidizi katika hoteli moja ya Malindi, akaja na "Mario" ya Franco na TPOK Jazz. Wimbo wenyewe ni mrefu kama robo saa hivi, wa Kilingala, na pale barazani hapakuwa na mtu ajuaye Kilingala. Hata hivyo kisa kilikuwa kimeshafika: kijana mwenye vyeti vyake, hataki kazi, analelewa na mwanamke tajiri aliyemzidi umri, mpaka mama wa watu anachoka naye. Kwetu hicho hakikuwa kisa cha Kinshasa. Malindi ilikuwa na Waitaliano wake na wageni wengine, na kila kijiji kilikuwa na kijana aliyeacha jembe akaenda ufukweni, akarudi amevaa miwani ya jua na saa ya mkononi aliyonunuliwa. Wazee waliusikiliza wimbo ule wakitikisa vichwa. "Huyu Franco alipita lini hapa akatuona?" aliuliza mmoja, na kaka akajua kura ile ni yake.

Mpinzani wake alikuwa dereva wa magari ya watalii, kijana wa hapa hapa. Magari hayo yalikuja Nyari, korongo letu lenye kuta za udongo mwekundu, wa waridi na mweupe, ambalo jioni jua likilipiga hupendwa sana na wageni. Wageni waliteremka bondeni na viongozi wao, madereva wakabaki juu, wakafungua milango ya magari na kupiga muziki. Mgeni mmoja alikuwa amemwachia dereva huyu kanda ya Dire Straits, Brothers in Arms, iliyokuwa imetoka mwaka huohuo. Roki! Baraza ililipuka kwa kicheko. Wakamwambia apeleke kelele zake Nyari. Yeye akasimama kwenye sheria: upande A, upande B, kisha mseme.

Wakasikiliza. Miongoni mwao alikuwa fundi wa baiskeli, mzee aliyekuwa akipiga gitaa kavu Mombasa ujanani mwake, na ambaye kwa kawaida hakubishana na watoto. Alikuwa na gurudumu mapajani. Katikati ya wimbo mmoja alisogeza sikio kwenye spika, akakaa hivyo mpaka wimbo ukaisha, akasema, "Huyu hatumii kipande cha kukwanyulia. Anapiga kwa vidole." Mtu akamwambia, "Mzee, utajuaje na humwoni?" Akamjibu kwamba sauti ya uzi uliokwanyuliwa kwa nyama ya kidole haijifichi. Alikuwa sahihi kabisa. Mark Knopfler hupiga kwa kidole gumba na vidole viwili vinavyofuata. Mzee akatusimulia habari za Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyerekodi "Masanga" mwaka 1952, na aliyekuja Nairobi mwishoni mwa miaka ya hamsini akawa anaimba matangazo ya dawa ya Aspro. Bosco naye alitumia vidole, gumba likishika besi chini na cha shahada kikicheza juu, hata ukadhani ni watu wawili. Na ili tumwelewe, yule mzee alianza kukwanyua spoku za gurudumu lile: gumba, shahada, gumba, shahada. Ziliteta kwa sauti nyembamba za kupishana. Tuliielewa roki ya Wazungu kwa spoku za baiskeli.

"Mario" ilishinda mwaka ule, na ilistahili. Lakini nilishuhudia wanaume watatu au wanne waliokuwa wamecheka wakisema mbele ya wenzao kwamba kanda ya dereva ni kanda. Hilo ndilo lililonifanya niupende ubishi ule maisha yangu yote. Mtu alifika na timu yake, Simba Wanyika au Les Wanyika, Virunga ya Samba Mapangala au Them Mushrooms, akaitetea kwa nguvu zote, kisha akasikia kitu, na alichokisikia kikamgeuza. Siku hizi naishi na watu waliosoma sana ambao hawawezi hilo.

Kulikuwa na jambo moja, hata hivyo, lililonikera tangu utotoni. Usiku huohuo wa Desemba, katika boma moja au jingine, palikuwa na mahanga, yaani matanga, na hapo shangazi yangu alikuwa akiimbisha ngoma ya mwanzele. Alikuwa mtunzi. Kayamba lake lilikuwa la matete yaliyosukwa bapa, mbegu ndani, pembeni pamelainika na kung'aa kwa jasho la viganja. Alianza peke yake kwa sauti ya juu, kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya bonde, wanawake wakampokea, chapuo ikaingia, na pale ambapo ungetarajia wimbo uishe ndipo miguu ilipokolea. Alitunga juu ya ukame, juu ya korosho zisizolipwa, juu ya mume aliyekwenda Mombasa akasahau njia ya kurudi. Watu walilia, wakacheka, wakamtunza. Wale wanaume wa barazani walikuwapo, wakicheza mpaka alfajiri. Jioni ya pili walirudi dukani kubishana juu ya Franco.

Nilimuuliza kaka mbona nyimbo za shangazi haziingizwi. Hakunijibu kwa ubaya. "Hizo ni ngoma, dada," alisema. "Sisi tunazungumza kanda."

Miaka ya tisini ilileta kanda nyingi kuliko tulivyoweza kuzisikiliza. Maduka ya Malindi yalikunakilia chochote ulichotaka, kwa mpangilio uutakao, na upande B ukapoteza maana kwa sababu aliyeupanga si mwanamuziki tena. Matatu zikafunga spika kubwa, na ubishi ukahamia humo, ukikatwa kila abiria aliposhuka. Wakati huohuo Them Mushrooms, ndugu wa ukoo wa Harrison kutoka Kaloleni, wale wa "Jambo Bwana" ya 1982, walimrudisha Fundi Konde studioni. Wazee wa Marafa walifurahi kupita kiasi. Fundi Konde alizaliwa 1924 huku kwetu Pwani, aliwatumbuiza askari wa jeshi la kikoloni la KAR wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akawa miongoni mwa wapigaji wa mwanzo kabisa wa gitaa la umeme Afrika Mashariki, kisha dunia ikamsahau. Kumsikia tena, sauti imezeeka lakini gitaa halijazeeka, kulinipa wazo kwamba hakuna kilichopitwa hadi watu waache kukipigania. Alifariki mwaka 2000.

Kilichovunja ukuta kati ya ngoma na kanda, kwa maoni yangu, hakikutoka Pwani hata kidogo. Mwaka 2001 Saida Karoli, binti wa Kagera, alitoa kanda ya Maria Salome. Ngoma za kwao, Kihaya chao, sauti ya msichana wa kijijini isiyoomba radhi. Kanda ile iliingia Marafa kupitia matatu na harusi, na wanawake waliipenda bila kumsubiri mwanamume awaambie ni nzuri. Ndipo nikamsikia shangazi, uzeeni sasa, akiuliza mbele ya kaka: "Kwani huyu anaimba nini kama si ngoma?" Kaka alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema, "Ni ngoma, shangazi. Na ndiyo kanda ya mwaka."

Muziki wa bango wa Mzee Joseph Ngala wa Freretown tayari ulikuwa umezoeza masikio kwamba saksafoni na mapigo ya Kimijikenda vinaweza kukaa nyumba moja. Nyerere wa Konde aliimba Kigiriama, na vijana waliokuwa wakiona haya kuzungumza lugha ya nyumbani mjini waliimba naye kwa sauti ya juu. Redio kama Radio Kaya zikawapa nafasi hewani. Leo mwimbaji chipukizi wa Malindi au Kilifi akitoa wimbo kwa Kigiriama haulizwi kwa nini.

Siwezi kuisimulia hadithi hii bila disco matanga. Jenereta, spika ndefu kuliko mtu, na muziki wa flashi mpaka asubuhi, eti kuchangisha pesa za mazishi. Machifu na viongozi wa Kilifi wamezipiga marufuku mara nyingi kwa sababu ya wasichana waliopata mimba huko wakaacha shule, nami naunga mkono marufuku hiyo kwa moyo wote; nimewafundisha baadhi ya wasichana hao. Ila kuna hasara nyingine ambayo haitajwi. Spika ile ilichukua nafasi ya wanawake. Mahali pa mtunzi palikaliwa na flashi yenye nyimbo mia tatu, kila moja ikikatwa kabla ya ubeti wa pili, na msichana aliyepaswa kujifunza kuitikia akajifunza kusikiliza tu.

Ubishi wenyewe haujafa. Vijana bado hurudi Desemba, bado hukaa pale sokoni, sasa chini ya taa ya stima. Hoja yao kubwa ni idadi ya watazamaji: huyu ana milioni, yule ana laki, basi mjadala umekwisha. Hiyo inanisikitisha, kwa sababu idadi unaweza kuisoma bila kusikiliza chochote. Ila wanajua wanamuziki wengi kuliko tuliowajua sisi, wa Lagos, wa Dar es Salaam, wa Johannesburg, na wamewaweka mezani wa kwao bila kuwapunguzia. Sisi hatukufanya hivyo.

Desemba iliyopita mtoto wa kaka aliingia kwenye ubishi na kitu chake. Shangazi wetu ameshatangulia, lakini binti zake wanazikumbuka nyimbo, na kijana huyu aliwakusanya chini ya mwembe, wanawake wa makamo na wasichana wa shule, akawarekodi kwa simu mchana kutwa. Aliposema hiyo ndiyo albamu yake ya mwaka, wenzake walimrukia. Haijatoka studio. Haina jina. Watazamaji wake wanahesabika kwa vidole. Mmoja akanigeukia: "Shangazi, wewe ndiye mwalimu, amua."

Nikawaambia sitaamua, na wao pia hawataamua, mpaka isikilizwe yote. Walinung'unika, wakaiunganisha na sabufa, na tukaisikiliza yote. Ule wimbo wa mume aliyesahau njia ya kurudi wasichana wameubadilisha; safari sasa ni ya Uarabuni, na ni mke ndiye aliyekwenda kazi huko, mume kabaki. Kijana mmoja, mama yake yuko Saudia, aliomba urudiwe.

Kura yangu niliitoa waziwazi kwa wanawake wale. Kura hazikutosha, msanii mmoja wa Tanzania alishinda. Lakini mabishano yaliyofuata yalikuwa ya maana. Yule aliyekuwa akihesabu watazamaji alisema simu iliwekwa karibu mno na kayamba, hivyo sauti ya kiongozi inazama kila kiitikio kinapoingia, na kwamba chapuo haina besi kwa sababu ilipigwa nyuma ya mti. Ni kweli, nami niliisikia. Tumekubaliana kurekodi upya baada ya mavuno, kiongozi asimame mbele na makayamba yarudi nyuma hatua kadhaa. Yeye ndiye amejitolea kuleta maikrofoni.