Nyangumi Aliyepita Kaskazini Mashariki

Ukiisha kuuacha mji wa Garissa na mto wake Tana, unabakiwa na yapata kilomita 100 za mchanga na vichaka vya miiba hadi Dadaab. Mbele kidogo ndipo ilipo Dagahaley, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka wa 1992, vita vya Somalia vilipopamba moto. Kwa Kisomali jina hilo lamaanisha mahali penye mawe. Mimi niliona vumbi, na kongoti wakitembea jaani kama mahakimu.

Hapa, msomaji mpendwa, ndipo nilipoulizwa habari za nyangumi.

Aliyeuliza ni kijana wa shule aliyezaliwa papo hapo kambini. Alikuwa kwenye foleni ya maji, mtungi wa manjano miguuni, kitabu mkononi. Kitabuni mlikuwa na picha ya nyangumi mwenye nundu. Alicheka. Kwa mtu anayewaona ngamia kila siku, ile si nundu hata kidogo!

"Adeer," akaniambia, "huyu anafika Kenya?"

Nikamweleza kwamba kila mwaka, kati ya Julai na Septemba, nyangumi hao hutoka bahari za barafu za kusini na kuonekana Watamu wakiwa na ndama wao. Tena ana undugu wa mbali na ngamia, kwani mababu wa nyangumi walikuwa wanyama wa kwato waliotembea nchi kavu. Jamaa yake wa karibu zaidi hivi leo ni kiboko.

Lakini kuna mmoja aliyefika mbali kuliko Watamu. Mwaka wa 1964, Mmarekani James Mead alichimbua mabaki ya nyangumi huko Loperot, Turkana, yapata kilomita 740 kutoka baharini! Alikuwa wa jamii yenye mdomo mrefu kama wa ndege, wale wanaozamia vilindini, na aliishi miaka milioni 17 iliyopita. Mabaki hayo yakapelekwa Marekani, yakapotea humo ghalani kwa miaka mingi, hadi yalipopatikana tena mwaka wa 2011 katika Chuo Kikuu cha Harvard.

Alifikaje Turkana? Wataalamu wanaamini alipotea njia akapanda mto. Zama zile nchi ilikuwa chini, karibu sawa na bahari, na mto mkubwa ulishuka kuelekea kusini mashariki kupitia bonde la Anza, ambalo latoka pande za Turkana na kuteremka hadi huku Garissa. Baadaye ardhi ikainuka, mvua ikapungua, misitu ikatoweka. Kupotea kwa namna hiyo si hadithi ya kale tu. Mnamo Januari 2006 nyangumi wa jamii hiyohiyo aliingia mto Thames hadi katikati ya London, akafa.

Nilimwonyesha kijana bomba lililokuwa mbele yetu. Maji yake hutoka katika hazina ya chini ya ardhi iitwayo Merti, iliyomo ndani ya mchanga na udongo uliojaza bonde hilohilo la Anza. Akautazama mtungi wake kana kwamba ataona pezi.

Kutoka Dagahaley hadi bahari ya Kiunga, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 250 tu. Nyangumi yule aliogelea karibu mara tatu ya masafa hayo. Huyu kijana hajawahi kuiona bahari hata siku moja, kwa kuwa mkimbizi hatoki kambini bila kibali, na kibali hakitolewi kwa ajili ya kutazama mawimbi.

"Alirudi kwao?" akauliza.

Nikamwambia hakurudi, mifupa ilibaki Loperot.

Foleni ikasogea. Akausukuma mtungi kwa mguu, akanyamaza kidogo, kisha akataka kujua nauli ya basi kutoka Garissa hadi Lamu ni shilingi ngapi.