Damu ya Mzee

Ndugu msomaji, kama umesoma shule zetu hizi, rangi ya kiatu chako cha kwanza hukuichagua wewe. Ulichaguliwa. Kiatu cheusi cha kamba, soksi nyeupe, paredi ya asubuhi, mwalimu wa zamu anapita akitazama chini. Shule tumemaliza, lakini kiatu cheusi kimekataa kutoka miguuni. Kijana anaitwa kwenye usaili, suruali ya kadeti rangi ya mchanga, shati la bluu amechomekea vizuri, halafu chini kilekile cheusi, kimepigwa kiwi mpaka unaweza kujitazama. Juu mtu wa ofisini, chini mwanafunzi wa kidato cha pili!

Sisemi cheusi ni kibaya. Kwa suti ya mahakamani, benki au msibani, kiatu ni cheusi na mjadala umekwisha. Nazungumzia zile ofisi nyingi za siku hizi ambazo hazitaki suti wala tai, ila raba na fulana nazo hazizitaki. Unaambiwa, "Vaa kiheshima tu." Kwenye hiyo "tu" ndipo tunapopotelea.

Wenye sheria ya weusi walikuwa Waingereza. Mabwana wa fedha wa London walikuwa na msemo wao kwamba kahawia haivaliwi mjini, kahawia ni ya shamba. Usidhani ni porojo za kale. Mwaka 2016 tume ya serikali ya huko, iliyokuwa ikiangalia nafasi za watoto wa wanyonge, ilitoa ripoti kuhusu benki za uwekezaji. Ikaeleza kuwa kijana aliyevaa suti na viatu vya kahawia aliweza kuonekana si mwenzao, hata kama kichwani yumo. Kosa lake ni kwamba kwao hakuna aliyemwambia.

Habari hiyo ilinigusa. Baba yangu ni fundi mwashi, na viatu vyake vina rangi moja tu, ya saruji. Angeniambia nini kuhusu ofisi? Niliwahi kupeleka barua ya kuomba kazi mahali fulani hapa Dar, mlinzi akanitazama viatu kabla ya uso, akasema, "Wapakuzi wanapita mlango wa nyuma, dogo." Barua ilikuwa mkononi.

Basi elimu niliitafuta kwa mafundi viatu na kwenye mafungu ya mitumba ya Karume. Niliyoyaokota ni haya.

Rangi kwanza. Suruali ya kadeti inapatana na kahawia. Bluu iliyokoza na kijivu zinataka kahawia iliyokoza pia. Kahawia ya mpauko inavutia machoni, lakini tone la mafuta ya chipsi likidondoka, umeandikwa. Kama mfuko unaruhusu jozi moja tu, mshikaji wangu, chukua damu ya mzee. Inakwenda na kadeti, na bluu, na kijivu, na hata suruali nyeusi haiikatai. Mkanda ufuate rangi ya kiatu, au uikaribie.

Halafu mng'ao. Ngozi inayong'aa kama kioo ni ya bwana harusi na wanamuziki wa bendi, mwachie mwenyewe. Swedi, ile ngozi yenye manyoya laini, inapendeza kweli, ila masika ya Dar haina huruma nayo. Unachotaka ni mng'ao wa wastani, unaotoka ndani ya ngozi. Ukiwa mtumbani, bonyeza sehemu ya vidole ukikunje kidogo. Ngozi nzuri hufanya mikunjo midogomidogo, ukiachia inalainika. Iliyopakwa plastiki hufanya mkunjo mmoja mkali, na hapohapo ndipo itakapopasuka na kubanduka. Hiyo hata uipige kiwi kutwa, dawa inakaa juu, haiingii.

Na kiwi yenyewe, jina la ndege wa New Zealand tulilolifanya jina la kila dawa ya viatu, ina adabu yake. Futa vumbi kwanza. Paka kidogo, acha ikauke, ndipo upige brashi, umalizie na kitambaa. Ukikosa rangi ya damu ya mzee, tumia ile isiyo na rangi. Kiwi nyeusi kwenye kiatu cha kahawia ni maafa.

Anayekuja kazini na gari lake, kiatu chake kinakanyaga zulia. Sisi wa Mbagala tunakanyagwa ndani ya daladala, tukishuka tunakanyaga vumbi, na vumbi juu ya cheusi huonekana kama unga. Kitambaa kidogo mfukoni, dakika moja kabla ya geti. Vyaelea, vimeundwa.

Dada zetu wana hesabu zao za viatu, nazo ngumu kuliko zetu. Waandike wao.

Najua kuna wenzangu watakaosema kiatu si kitu, kichwa ndicho. Kweli kichwa ndicho. Lakini mlinzi hakukiona kichwa changu. Kwa hiyo ukiwa na mdogo wako anayejiandaa kwa usaili, mwambie mapema, kabla hajanunua. Wale vijana wa London hawakuwa na wa kuwaambia.