Blanketi Lililokwama Kwenye Foleni

Haya wapenzi wa kompyuta, leo mnivumilie kidogo. Sitaandika kuhusu seva wala simu mpya. Nataka kuwapeleka kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yangu hapa Embu, kile ambacho mwenye nyumba alikusudia kiwe cha wageni. Wageni wangu hulala sebuleni. Chumba chenyewe kina cherehani, meza, pasi na magunia ya vitambaa.

Mchana naandika programu. Usiku nashona mablanketi ya viraka. Kwa asiyejua: unakata vipande vidogo vya vitambaa na kuviunganisha mpaka viwe shuka moja lenye mapambo. Katikati unaweka kitu kizito (mimi hutumia blanketi kuukuu), chini unaweka kitambaa kingine, kisha unashona matabaka yote matatu pamoja. Viraka napata kwa mafundi wa mjini: mabaki ya vitenge na sare za shule ambayo wao wangeyatupa. Vya chini nanunua shuka za mitumba pale soko la Gakoromone, nikienda kwetu Meru.

Juni 2024 nilihesabu kazi zilizokuwa mle chumbani. Tano! La kwanza lilikuwa la mtoto wa dada yangu, ambaye alikuwa karibu kuzaliwa. La pili la harusi ya binamu, mwezi wa Agosti. La tatu la jirani mmoja aliyekuwa ameshalipa nusu. La nne lilikuwa la nyota, muundo niliouona kwenye intaneti nikashindwa kujizuia :-) La tano lilikuwa la mama.

Baba alifariki mwaka 2019. Agosti ya mwaka uliofuata mama alinipa mfuko wenye mashati yake kumi na moja. Baba alikuwa mwalimu, na mashati yale ni ya miraba, mengine kola zimegeuzwa ili yaendelee kuvaliwa. "Nishonee kitu nijifunike," mama akasema. Hakutaja tarehe. Tatizo lilianzia hapo.

Sasa, ndugu msomaji, kuhama kutoka blanketi moja hadi jingine si kazi ya bure. Unabadilisha uzi wa juu na wa bobini. Ukitoka pamba nyepesi kwenda kitambaa cha jinzi, unatoa sindano namba 80 na kuweka namba 100, halafu unarekebisha mkazo wa uzi. Halafu kuna kazi ya kichwani: ulikuwa umefika wapi? Kiraka hiki kinageukia upande gani? Ukikosea unakaa kufumua mpaka usiku wa manane.

Waandishi wa programu tunaijua hasara hii. Mwaka 1992 Gerald Weinberg, Mmarekani aliyeandika sana kuhusu kazi yetu, alitoa makadirio ambayo bado yanatajwa. Ukiwa na miradi miwili kwa wakati mmoja, asilimia 20 ya muda wako inapotea katika kuhamahama. Ikiwa mitatu, asilimia 40. Ikiwa mitano, asilimia 75! Hayo ni makadirio ya mtu mwenye uzoefu, hayakutoka maabara, lakini mimi nilijiona humo waziwazi.

Basi nikaweka sheria: mablanketi mawili tu mezani, mengine yabaki kwenye gunia. Ikafanya kazi. La mtoto likaisha, nikalipeleka Meru mwezi wa Julai.

Mama alilikunjua, akalipapasa mishono, akanisifu mpaka nikaona haya. Usiku ule baridi ilikuwa kali. Niliamka kwenda kunywa maji, nikapita mlangoni kwake. Alikuwa amejifunika blanketi lake jembamba, na juu yake koti la baba.

Asubuhi nikaanza kujitetea. Akanikatiza kwa upole: "Mwanangu, ukipata nafasi. Ya baba yako haina haraka. Yeye haendi popote."

Nilipanda matatu ya kurudi Embu na maneno hayo kichwani. Nkubu, Chogoria, Chuka, Runyenjes, kona baada ya kona, ndipo nikaelewa hitilafu iko wapi. Sheria yangu ilipunguza idadi ya kazi, lakini haikusema nani aingie nafasi ikipatikana. Kila nafasi ilichukuliwa na mwenye tarehe.

Kwenye mifumo endeshi ya kompyuta tatizo hili linajulikana: programu yenye kipaumbele cha chini inaweza kufa njaa. Kila ikikaribia zamu yake, nyingine yenye haraka inaipita. Kuna kisa wanachosimuliwa wanafunzi, kwamba kompyuta ya IBM 7094 ilipozimwa kule MIT mwaka 1973, ilikutwa na kazi iliyoingizwa mwaka 1967 na haijawahi kuendeshwa. Huenda ni hadithi tu. Lakini blanketi la mama halikuwa hadithi.

Dawa yake ni rahisi: hesabu umri wa kusubiri. Kadiri kazi inavyokaa foleni, ndivyo kipaumbele chake kinavyopandishwa kidogo kidogo, mpaka siku moja hakuna wa kuipita.

Nikabandika karatasi ukutani. Kila Jumapili jioni, kila kazi inayosubiri inapata alama moja. Mama nilimpa za nyuma pia: wiki zaidi ya 200. Hakuna aliyemkaribia. La nyota likarudi guniani. Jirani nikamwambia ukweli kwamba lake litachelewa. Akacheka, "Si nyinyi mafundi wote ni hivyo!"

Na mimi niseme ukweli. Tarehe haikuwa sababu pekee. Niliogopa kutia mkasi kwenye shati lenye doa la wino mfukoni. Ningeweza kuahirisha hilo maisha yangu yote na kusema nina kazi nyingi. Karatasi ya ukutani haikujua woga wangu, nami nikakosa pa kujificha.

Lile la harusi lilifika kwa wakati. La mama nililimaliza Septemba. Mfuko wenye doa sikuubandua, nikaushonea pembeni kama ulivyokuwa. Nilipoenda tena Meru, nilikuta mama ameutia miwani yake ya kusomea.

Wewe je, mwenzangu? Kwenye orodha yako, ni kazi gani haina tarehe, na imesubiri wiki ngapi? Ihesabu leo. Mimi narudi chumbani, jirani ananidai.