Mwenzenu nimefiwa na farasi

Mwenzenu nina msiba. Msishtuke, si mtu, na rambirambi bakini nazo. Amekufa farasi. Tena si farasi wa nyama na damu, ni wa kwenye karatasi, mistari kumi na miwili ya penseli nyuma ya daftari langu la kazini. Lakini hii ni wiki ya tatu na bado nikiwa kwenye daladala namfikiria, kwa hiyo leo siasa na mikutano ya waandishi wa habari itanisamehe.

Kwa wasiojua: kila Jumamosi usiku watu watano tunakutana sebuleni kwa jamaa mmoja huko Tabata tunacheza Dungeons & Dragons. Ni mchezo wa Kimarekani wa mwaka 1974, hautaki runinga wala kompyuta. Mmoja wenu ni msimulizi. Anawaeleza mnachokiona, nyinyi mnasema mnafanya nini, na penye shaka dadu lenye nyuso 20 linaamua. Umeme ukikatika tunawasha mshumaa na mchezo unanoga zaidi! Msimulizi wetu tunamwita Kaka kwa kuwa ndiye mkubwa wetu, na vitabu ni vyake, vya toleo la tatu la mwaka 2000. Kimoja jalada lake limeshonwa kwa kamba ya kiatu. Wengine ni muuguzi, mwanafunzi, na keshia wa benki ambaye ndiye mwizi wetu, na kila Jumamosi anatukumbusha hilo huku anacheka peke yake.

Mimi ni paladini, yaani askari aliyekula kiapo. Hasemi uongo, hapokei kitu kidogo, hamtupi mnyonge. (Naam, najua mnachotaka kusema kuhusu waandishi wa habari. Tuyaache hayo.) Paladini akifika ngazi ya 5 anamwita farasi wa vita, na farasi anakuja. Sokoni mule mule mchezoni farasi mzito wa vita ni vipande 400 vya dhahabu, lakini huyu hanunuliwi. Na si farasi kama wengine. Farasi wa kawaida kitabuni ana akili 2, huyu anaanza na 6, wakati binadamu wa kati na kati ana 10. Halafu kuna kamba ya moyoni kati yenu: mkiwa hamjapishana zaidi ya maili moja, anachokihisi yeye unakihisi wewe. Hakuna maneno. Unapata hofu yake, njaa yake, furaha yake, basi.

Nilimwita Subira, na alikuwa jike.

Sasa, mimi farasi sijawahi kumpanda. Ninachokijua ni punda. Babu yangu Kondoa alikuwa na punda wa kuchotea maji, madumu manne ya lita ishirini kila safari, na likizo zote za shule ya msingi kazi ya kumswaga ilikuwa yangu. Basi Subira nikamchezesha kama punda wa babu. Daraja la kamba hapiti mpaka alinuse kwanza. Mvua ikianza anageuza makalio upande wa upepo na hapo mtasubiri. Kaka akacheka, halafu akaanza kufanya vivyo hivyo, mpaka ikawa tukifika mahali mtu anauliza, "Subira anasemaje?" kabla ya kuuliza mimi nasemaje. Mara mbili alikataa njia na mara mbili tulikuta kuna watu wametuvizia. Muuguzi akaanza kumwekea tufaha kwenye orodha ya mizigo yake na kulifuta kwa kifutio kila jioni. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo.

Siku yenyewe ilikuwa hivi. Tumefika kwenye pango, shimo linashuka wima, farasi hawezi kushuka. Kaka akaniuliza, "Subira unamwachaje?" Nikajibu bila kufikiri: namfunga kwenye mti. Kwa nini? Kwa sababu punda wa babu usipomfunga unamkuta kwenye mahindi ya jirani, na ugomvi wake unakwenda mpaka kwa balozi wa nyumba kumi. Mkono wangu ulikwishazoea. Kaka akaniangalia kidogo, akauliza, "Unamfunga?" Nikasema ndiyo, fundo mbili. Akaandika.

Huko chini tulipigana, tukashinda, tukakuta sanduku la chuma. Keshia akaanza kufungua kufuli. Ndipo Kaka akanigeukia, akasema taratibu, "Unasikia hofu. Si yako."

Nilijua mara moja. Wote walijua. Nilichosema, na mwanafunzi ni shahidi kwa sababu ndiye anayeandika kumbukumbu zetu, ni hiki: "Ngoja kwanza tuone kuna nini kwenye sanduku."

Keshia akarusha dadu, kufuli likagoma. Akarusha tena. Kaka akasema, "Hofu imeongezeka." Nikasema napanda sasa hivi, ila kufuli lishafika mwisho. Akarusha mara ya tatu, likafunguka. Vipande 60 vya fedha na pete moja. Kaka akasema, "Sasa husikii kitu."

Walikuwa mbwa mwitu. Farasi wa vita mwenye akili 6 angewapiga mateke mawili matatu akaondoka zake, angekuja kutusubiri njiani. Kamba ndiyo iliyomzuia. Fundo mbili.

Sebule ikawa kimya mpaka keshia akaondoka kwenda kuchemsha chai.

Baada ya hapo kukazuka mjadala mrefu, na hapa ndipo nilipoanza kufikiri. Kasisi wetu, yaani muuguzi, yuko ngazi ya 6, na kufufua kunaanza ngazi ya 9, kwa hiyo njia hiyo haipo. Kwa kitabu cha Kaka, farasi wa paladini akifa huwezi kumwita mwingine mpaka upite mwaka na siku moja. Mwanafunzi akatoa simu. Akasema katika toleo la tano, la mwaka 2014, farasi ni roho tu: akifa anatoweka bila hata kuacha mzoga, unasoma uganga wa dakika kumi anarudi yule yule, mzima wa afya. "Tutumie hiyo, brazameni, tuendelee na safari." Kaka akacheka, akasema kwenye kitabu cha mwaka 1978 ilikuwa farasi mmoja kila miaka kumi.

Miaka kumi, kisha mwaka na siku moja, kisha dakika kumi! Na si kwenye karatasi peke yake. Kwenye World of Warcraft, kabla ya mwaka 2008, farasi ulikuwa unamtia mkobani pamoja na mikate na upanga wa akiba. Kwenye Elden Ring ya mwaka 2022 Torrent akifa unamrudisha kwa funda moja la dawa. Mwaka 2006 wenye Oblivion kwenye Xbox 360 waliuziwa deraya ya farasi kwa dola 2.50 na dunia nzima ya wachezaji ikapiga kelele, wakidai ni pambo tu. Siwalaumu waliotunga. Mtu aliyetoka kazini saa mbili usiku hataki kutembea kwa miguu mwaka mzima kwa sababu mbwa mwitu wamekula farasi wake. Hata mimi sitaki.

Ila Kaka alisema uamuzi ni wangu, na nilipofungua mdomo niseme haya, mlete, nikamwona muuguzi ameshika kifutio juu ya lile tufaha na hajui alifute au aliache. Nikasema hapana. Mwaka na siku moja.

Jamani, walikasirika! Keshia alisema naadhibu kundi zima kwa kosa langu, na ana haki, kwa sababu sasa wote wanakwenda mwendo wangu. Mwanafunzi alisema ni farasi wa kubuni. Hilo nalo kweli. Lakini tamaa ya kuona ndani ya sanduku haikuwa ya kubuni, ilikuwa yangu, nimeketi pale kwenye kochi na soda mkononi.

Jumamosi iliyopita mchezoni ilikuwa siku ya 41. Tandiko la vita nilikataa kuliacha, na lina ratili 30, kama kilo 14 hivi, kwa hiyo nikanunua mnyama wa kulibeba. Punda, vipande 8 vya dhahabu. Kitabu kinasema, tofauti na farasi, punda anakubali kuingia mapangoni, ingawa si kwa kupenda. Niliposikia Kaka anasoma hayo nilicheka mpaka machozi, maana huyo ni punda wa babu mtupu. Hana akili 6, hana kamba ya moyoni, akiogopa sitajua mpaka nimwangalie masikio.

Usiku tulipopiga kambi Kaka akaniuliza, "Punda unamwachaje?"

Nikasema simfungi. Asubuhi tukakuta amekula nusu ya mkate wa keshia.