Pumzi Iliyonaswa

Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, na ikiwa maji hivyo huinywa haidrojeni kwa pupa. Igandapo, uwezo wake wa kuibeba gesi hiyo hushuka ghafla, takriban mara 20. Gesi hutafuta pa kutokea, isipowahi, hunaswa. Ndivyo yazaliwavyo matundu madogo ndani ya mshono ambao kwa juu unang'aa kama fedha mpya.

Haidrojeni hiyo haitoki mbali: imo katika maji na mafuta. Visiwani, ambako hewa yenyewe ni mbichi, fundi achomeleaye ubavu wa boti ana kazi kubwa kabla hajawasha moto. Bamba lililolala nje huamka na umande, na utando wa oksidi ulio juu yake, usioyeyuka mpaka zaidi ya nyuzi 2,000, huushika unyevu huo. Kwanza mafuta hufutwa kwa asetoni, ikaachwa ikauke. Kisha ndipo ipite brashi ya waya wa chuma kisichoshika kutu, isiyopata kugusa madini mengine. Anayetanguliza brashi huyasugua mafuta yakazidi kuingia. (Na wengi huitanguliza, kwa haraka za mwenye chombo.) Upepo nao, huo huo usukumao majahazi, hukingwa kwa turubai usiipeperushe gesi ya arigoni iliyoufunika moto.

Mng'aro si ushahidi. Mshono hupigwa picha ya eksirei, na matundu hutokea kama vidoa vyeusi. Yakizidi, hukatwa, husafishwa, huchomelewa upya.