Urubani: Shahada Kwanza au Leseni?



Kijana mmoja wa darasa langu la jioni anataka kuwa rubani. Baba yake anasema asome shahada ya chuo kikuu kwanza. Mama yake yuko tayari kuuza shamba la minazi ili aende moja kwa moja chuo cha urubani. Waliniomba ushauri.

Leseni ya rubani wa biashara haidai shahada. Inadai umri wa miaka 18, cheti cha afya cha daraja la kwanza, mitihani, na takriban saa 200 za kurusha ndege. Hata Marekani, shirika la Delta liliacha kuilazimisha shahada mwaka 2022. Mama ana hoja.

Lakini afya hiyo hupimwa tena na tena. Macho au moyo vikipata hitilafu, rubani hubaki chini. Na mwaka 2020, korona iliposimamisha safari, marubani wengi duniani walikosa kazi. Baba naye ana hoja.

Ushauri wangu: apimwe afya kabla shamba halijauzwa. Akifaulu, na fedha ikiwa ya halali isiyo na riba, aende. Shahada ataisoma baadaye, hata kwa masafa katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Asipofaulu, shamba lingalipo na chuo kikuu kingalipo.

Mtume (S.A.W.) alimfundisha mtu mmoja amfunge ngamia wake, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Wanangu, kupima kwanza ndiko kumfunga ngamia.

Wabillahi tawfiq.